Goti na Koti

"Nimekuuliza risiti ya mashine iko wapi!"

"Kiti si hicho umekalia?"

"Risiti, Baba! Ri-si-ti!"

"Sasa unataka viti ngapi? Wewe ni mtu mmoja, matako ni moja. Kalia hicho."

"Mama, ongea na huyu mzee wako kabla nivunje kitu hapa."

"Usivunje kitu kwangu. Mashine ziko kwa mfuko wa shati yake. Mwambie avae kwanza."

"Hata akivaa! Akivaa ndio inakuwa mbaya zaidi!"

Fancy akainuka, akasukuma kile kiti na mguu mpaka kikagonga kabati. Babake, Mzee Isaiah Kipkurui, akakiangalia kikisimama mbele yake, akatingisha kichwa kama mtu ameshinda kesi. Alijua tu ni maneno ya kiti.

Phyllis, mama ya Fancy, alikuwa anakamua kitambaa cha kupangusa meza. Mikono yake ilikuwa imechoka kwa sababu ya kuchuma majani chai tangu asubuhi. Hakuwa na nguvu ya kupiga kelele, na kwa hiyo nyumba bila kelele hakuna maongezi. Akaenda mpaka kwa bwana yake, akaingiza mkono kwa mfuko wa shati, akatoa leso, akaifungua. Mashine mbili za masikio, rangi ya maziwa iliyomwagiwa chai. Wiki tatu tangu zinunuliwe. Zilikula bonasi yote ya majani ya mwaka huu, na bonasi ya huku kwetu unajua vile huwa, ya kukutusi tu. Ilipokosa kutosha, zikakula ng'ombe. Ng'ombe mwenye mimba.

"Vaa," Phyllis akasema na mdomo mkubwa.

Mzee akavaa. Mashine zikaanza kupiga filimbi, zote mbili, moja juu moja chini. Phyllis akaangusha kijiko kwa sinki na mzee akaruka.

"Toeni hiyo pomu!" akasema. "Ni nini hiyo?"

"Ni kijiko, Baba."

"Kapisa? Kijiko?"

Jumapili ya kwanza alikuwa amezivaa kanisani. Pasta akakatiza maombi akasema waumini wazime simu. Watu wakashika mifuko yao, filimbi ikaendelea, wakaanza kugeuka mmoja mmoja mpaka wote wakamwangalia. Tangu hiyo siku zinalala kwa leso.

Lakini usiku huo shida haikuwa kanisa. Shida ilikuwa barua juu ya meza, imetoka kiwandani. Isaiah amefanya kazi kwa chumba cha CTC, zile mashine zinasaga majani chai, miaka ishirini na saba. Ukiingia hapo unaongea na mikono tu. Mwezi uliopita kiwanda kilisema kila mtu wa hiyo chumba alete ripoti ya masikio. Isaiah akapeleka ile alipewa pale aliponunua mashine. Alipiga shati pasi ndio apeleke. Sasa barua ilikuwa inasema, kwa sababu ripoti inaonyesha hawezi kuelewa maneno hata akivaa mashine, yeye ni hatari kwa kazi. Afike ofisini Ijumaa saa nne asaini kustaafu kwa sababu ya afya.

Alikuwa amebakisha miaka tatu.

"Wamekufuta na karatasi wewe mwenyewe umewapelekea," Fancy akasema, akionyesha barua na kidole. Hii mzee alisikia. Ama aliona kidole.

"Mimi sikufutwa," akasema polepole. "Mimi nimeitwa ofisi."

*

Kesho yake Fancy aliomba ruhusa kwa ile agrovet anafanyia kazi Roret, wakaenda Kericho mjini, yeye na babake. Ile duka ya masikio iko juu, unapanda ngazi mpaka upumue. Kuna kapeti, kuna maua ya plastiki, kuna picha ya mzungu mzee anacheka na mjukuu. Mwenye duka anaitwa Hezekiah. Huvaa koti nyeupe na marashi. Ni mtoto wa Kimulot, Mkipsigis kama sisi, babake ni mzee wa kanisa, na hiyo ndio sababu Isaiah alimwamini. Alisema afadhali pesa iende kwa mtu wetu.

"Chamgei, Baba," Hezekiah akasema, halafu hakuongea na mzee tena. Akageukia Fancy. "Siste, shida ni gani?"

"Shida ni hizi vitu zako. Zinapiga filimbi. Anasikia kijiko kama bunduki, lakini mtu akiongea hasikii kitu."

"Anavaa masaa ngapi kwa siku?"

"Atavaa aje na zinamuumiza?"

"Unaona sasa." Hezekiah akatabasamu kama mwalimu amepata mwanafunzi hajafanya homuweki. "Hawa wazee wetu hawana nidhamu ya kuvaa. Ubongo lazima uzoee. Mashine haina shida, hizo ni mashine kubwa kabisa. Shida ni sikio. Sikio imekufa."

"Imekufa aje? Mtu amekaa hapa."

Hezekiah akafungua faili, akatoa nakala ya ripoti, akaisukuma kwa meza na kalamu yake. "Nilimpima na maneno ishirini. Maneno rahisi ya Kiswahili, hata mtoto wa nasari anajua. Nilimpa mgongo ili asisome midomo. Ishirini, siste, na amepata saba. Hapo mimi nifanye nini? Mimi si Mungu."

Mzee alikuwa ameketi na kofia kwa magoti, anaangalia midomo yao kama mtu anaangalia mpira na hajui timu.

"Anasema nini?" akauliza.

"Anasema sikio yako imekufa!" Fancy akapiga kelele. Watu wawili walikuwa wanangoja kwa kochi wakainua macho.

"Mwampie nilimsikia siku ile. Mwampie nilisema yote."

"Alisema yote vibaya," Hezekiah akasema, bado anaongea na Fancy. "Kuna moja mpya imeingia, inaunganishwa na simu. Tunaweza kuchukua hizi, uongeze kidogo tu…"

"Tuongeze nini? Ng'ombe imebaki moja, na hiyo ni ya maziwa. Rudisha pesa."

"Kifaa cha masikio ni kama chupi, siste. Mtu akishavaa hairudi."

Watu wa kochi wakacheka. Mzee naye akacheka, kwa sababu watu wamecheka. Hiyo ndio ilimchoma Fancy kuliko chupi. Alimwona babake akicheka na adui yake, meno yote nje, kofia kwa magoti. Akanyakua ripoti pale mezani, akamshika mzee mkono, wakateremka ngazi.

*

Wakaenda hospitali ya serikali. Foleni ilikuwa ya kukaa mpaka usahau ulikuja kufanya nini. Kliniki ya masikio iko nyuma, karibu na mahali wanaanika blanketi, na fundi wa masikio ni mwanamke anaitwa Dolphine, mtu wa Homa Bay, mfupi, na sauti ya kuita ng'ombe. Alipoona mashine kwa leso akapiga ulimi. Hakuuliza bei. Alisema tu, "Kaa hapa, Baba," akamulika sikio la kushoto na kale kataa kao kadogo.

"Huyu aliyekuuzia alikuangalia ndani ya sikio?"

Isaiah hakusikia. Fancy akajibu. "Hapana. Alimvalisha vitu za masikio, akaanza kusoma maneno."

"Hakuangalia ndani."

"Hapana."

Dolphine akachukua chupa. Aliweka dawa, akawaambia wakae nje saa moja, halafu akapiga maji ya vuguvugu na sindano kubwa isiyo na mdomo. Kwa bakuli kikatoka kitu kama kipande cha mpira, cheusi kahawia, kirefu kama kichwa cha kidole, na ndani yake vumbi ya chai imeshikana na pamba ya miaka ile. Akakigeuza na kijiti.

"Mzee, hii ukiweka maziwa ni kikombe mbili."

Isaiah akaangalia bakuli. "Hiyo ni CTC," akasema. "Hiyo ni kazi ya kampuni. Warutishieni."

Fancy alicheka mara ya kwanza hiyo wiki. Sikio la kulia halikuwa na kitu. Halafu Dolphine akampima na milio, mzee ainue mkono akisikia. Akachora vile mkono ulikuwa unainuka na kukaa. Mstari ukaenda sawa, sawa, halafu ukaanguka kama mtu ametupwa kwa mteremko.

"Sasa maneno," Dolphine akasema. Akaweka faili mbele ya mdomo. "Rudia vile nasema. Embe."

"Empe."

"Dawa."

"Tawa."

"Goti."

"Koti," mzee akasema.

Fancy alikuwa na ripoti ya Hezekiah mkononi. Namba nane: goti, amejibu koti, msalaba. Akafunga macho. Basi ni kweli. Basi masikio yamekufa, barua ni ya haki, na ng'ombe ameenda bure.

"Wewe, msichana," Dolphine akasema. "Fungua macho. Angalia mkono yake."

Mkono wa mzee ulikuwa juu ya goti. Alikuwa analipapasa, vile mtu hufanya ukimtajia kitu anacho.

"Baba, goti ni nini?" Dolphine akauliza, faili bado mbele ya mdomo.

"Ni hii." Akapiga goti. "Hata inauma wakati wa mvua."

"Na koti?"

"Koti si ile nimeacha nyumpani. Leo kuna jua."

Dolphine akaweka faili chini. "Hii si masikio. Hii ni mdomo. Mimi nilikuja huku miaka tisa iliyopita, na mwaka wa kwanza nilifelisha wazee wote wa hii kaunti. Niliandikia watu viziwi, kumbe ni Wakipsigis, mdomo wao hautengi g na k, wala b na p. Siku hizi nawaambia waonyeshe, ama nawapa picha. Lete hiyo karatasi."

Akapitia ripoti na kalamu. Debe, tepe. Bata, pata. Gari, kari. Boga, poka. Kati ya makosa kumi na tatu, kumi zilikuwa hivyo. Tatu ndizo zilikuwa kukosa kusikia kweli, na zote zilikuwa na s ama f ndani.

Fancy alisimama akaenda kwa korido na simu. Hezekiah akashika akifikiri ni mteja.

"Wewe ni mtoto wa Kimulot," Fancy akasema. "Nyanya yako anasema aje goti?"

"Ni nani anaongea?"

"Nauliza nyanya yako anasema aje goti! Anasema aje debe! Wewe mwenyewe ulisema aje kabla uende Nairobi ujifunze kuvaa koti? Ulijua! Ulikaa pale umempa mgongo, ukaweka msalaba, na ulijua!"

Simu ikakatika. Akapiga tena, haikuingia. Alikuwa ameblokiwa na mtu ambaye harusi yake walichangia.

Aliporudi ndani, Dolphine alikuwa anaongea na mzee uso kwa uso, polepole, bila kupiga kelele.

"Masikio yako hayajakufa, Baba. Yameliwa upande. Sauti nene unasikia. Zile nyembamba ndio zimeliwa na hiyo mashine ya kusaga. Bibi yako akiongea, unasikia anaongea lakini hujui anasema nini. Si ndio?"

"Hiyo si ukonjwa," Isaiah akasema. "Hiyo ni ndoa."

"Hizi walikuuzia ni za mtu hasikii hata radi ikigonga mabati. Zinaziba sikio lote na zinapandisha kila kitu. Wewe unataka ya kupandisha pale juu peke yake, na sikio libaki linapumua."

"Huwezi kuzirekebisha?" Fancy akauliza.

"Nimejaribu. Aliyeuza amezifunga na namba yake ya siri. Hata nikifungua, ni kama kumvalisha mtu viatu ya ndugu yake mkubwa."

Akafungua droo, akatoa mbili ndogo, zimekaa nyuma ya sikio na waya mwembamba kama nywele. Akaziunganisha na kompyuta, akapima, akapunguza, akauliza, akapunguza tena. Alimfundisha mzee kubadilisha betri mara nne, kwa sababu vidole vyake ni vinene na betri ni kama punje ya mahindi. Hizo ni za kujaribu, akasema, azivae wiki mbili, arudi aseme vile zinafanya, zirekebishwe tena. Mtu hanunui kabla ya hapo. Akaandika ripoti mpya na akapiga muhuri: anaelewa maneno vizuri na kifaa, masikio yameharibiwa na kelele ya kazi.

"Na sikia, Baba, hii ndio kubwa. Ukiingia kwa chumba ya CTC unatoa hizi. Unavaa zile za kufunga masikio. Ukiingia na hizi ndani ya kelele, zitakupandishia kelele, na zitakula hata hayo yamebaki. Umesikia?"

"Nimesikia," mzee akasema. Na alikuwa amesikia.

Pale nje aliingia choo, akakaa, akatoka na macho makubwa.

"Fancy. Mimi hukojoa na kelele namna ile?"

"Baba, nyamaza, watu wanasikia."

"Miaka yote hiyo? Na hakuna mtu aliniampia?"

*

Ijumaa saa nne walikuwa ofisini kwa kiwanda, wote watatu, Phyllis amevaa ile rinda ya mazishi kwa sababu ndio nzuri. Ofisa wa wafanyakazi ni Phelix, kijana wa Kisumu, shati inang'aa, tumbo imeanza kujitafutia nafasi. Pembeni alikuwa Jerusa, nesi wa kiwanda. Phelix aliweka ripoti mbili sambamba, akaziangalia kama mtu anachagua nyanya.

"Mzee mmoja, ripoti mbili. Moja inasema hasikii. Moja inasema anasikia. Mimi niamini gani?"

"Hiyo moja ni ya mwizi," Fancy akasema.

"Madam, hapa hatuiti watu wezi. Jerusa, mjaribu hapa hapa, tumalize."

"Phelix, hii si vile watu hupimwa…"

"Mjaribu."

Jerusa akachukua ile kalenda ya mezani akaficha mdomo. Aliona haya, ilionekana kwa shingo yake. "Mzee, rudia. Debe."

"Tepe."

"Gari."

"Kari."

"Buibui."

"Puipui."

Phelix akainua mikono. "Nimefunga kesi."

"Muulize kari ni nini!" Fancy akasimama. "Muulize!"

"Madam, kaa chini."

"Kari," Isaiah akasema mwenyewe, bila mtu kumwambia, "ni ile imekuleta asupuhi. Nyeupe. Taa ya nyuma imepasuka na unaendesha hivyo hivyo."

Jerusa akacheka ndani ya kalenda. Phelix akatazama dirishani kama anaweza kuona hiyo taa kutoka hapo.

"Sasa ni zamu yako," Fancy akamwambia. "Rudia hii. Nimeshindwa kushusha shati."

"Mimi sipimwi hapa."

"Rudia! Ama husikii?"

"Nimesindwa kususa sati," Phelix akasema haraka, kwa hasira, ili aonyeshe ni kitu ndogo. Hapo Jerusa akaweka kalenda chini kabisa, akalia machozi ya kicheko, na yeye mwenyewe ni mtu wa Siaya, huko sh yote ni s. Hata Phyllis aliziba mdomo.

"Andika hapo!" Fancy akapiga meza. "Andika sikio yako imekufa! Staafu! Enda nyumpani! Papa yangu amesaga chai yenu miaka ishirini na sapa, na nyinyi mnamfuta juu ya p na…"

Akasimama. Alikuwa amesikia mdomo wake mwenyewe.

"Unaona," Phelix akasema pole pole. "Hata wewe mwenyewe."

Fancy akahisi moto mpaka masikio. Phelix angeweza kuendelea kumkanyaga, lakini si mtu mbaya hivyo, na hiyo ndio inakasirisha na watu kama hao, wanakuangusha halafu wanakusaidia kuinuka. Akamwambia Jerusa atoke. Akafunga mlango. Akavuta kiti karibu na mzee, na kwa mara ya kwanza akamwongelesha mzee mwenyewe.

"Mzee Isaiah. Naona unasikia. Mimi sina shida na wewe. Lakini mimi pia niko na mdosi juu yangu." Akafungua droo, akatoa karatasi nyingine. "Kazi naweza kukurudisia. Leo. Jumatatu unaingia zamu. Unasaini tu hii."

Isaiah akaisoma na kidole, mstari kwa mstari. Ilimchukua muda. Fancy alisoma juu ya bega lake na akamaliza mbele yake.

"Hapana," akasema. "Hapana, hapana. Baba, weka chini. Inasema masikio yako yameharibika kwa sababu ya uzee. Haisemi kelele. Na inasema hutadai kampuni kitu, leo wala kesho."

"Wote wa CTC wamesaini," Phelix akasema. "Watu kumi na moja. Yeye ndio wa mwisho."

"Na hii hapa: atavaa kifaa cha masikio saa zote za kazi. Saa zote! Dolphine amesema nini, Baba? Amesema ukiingia nazo huko zinakula hata hayo yamebaki!"

"Ni ya usalama," Phelix akasema. "Akikosa kusikia mtu akiitana, akatike mkono, nani atalaumiwa?"

"Mpeni kifuniko cha masikio na mumweke mahali hakuna kelele! Kwa mizani, kwa geti, mahali popote!"

"Kwa geti kumejaa, madam. Kazi iko ni ile yake."

Phyllis alikuwa hajaongea tangu waingie. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. "Baba Fancy," akasema, si kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto kama nyumbani, kwa sauti ya kawaida. Mzee akageuka mara moja. "Ng'ombe imeenda. Saini twende."

"Mama!"

"Wewe uko na mshahara wako Roret. Mimi niko na huyu."

"Baba, niangalie." Fancy akapiga magoti mbele yake, hapo chini kwa simiti ya ofisi. "Uko na ripoti. Kuna muhuri. Kuna ofisi ya kazi ya serikali mjini, kuna mawakili wanachukua hizi kesi. Hawa ndio walikula masikio yako. Vumbi ilitoka kwa sikio yako tukaiona na macho. Ukisaini hapa umesema ni uongo. Umesema ni wewe uliharibika, kama maziwa."

"Kesi inachukua miaka ngapi?" Isaiah akauliza.

"Sijui."

"Mimi nimepakisha tatu." Akamtazama binti yake, na hakukuwa na ule uso wa kucheka na watu. "Mashine nitavaa. Nikifika mlango ya CTC nitaizima. Nani atajua?"

"Ukiizima hutasikia kitu! Itakuwa umevaa mpegu ya mahindi kwa sikio! Na siku wakijua umeizima watakufuta bila hata hiyo barua!"

"Fancy. Wewe unataka kushinda. Mimi nataka kazi."

"Mimi nimekutetea wiki nzima! Nimetukanwa juu yako! Nimeitwa chupi!"

"Na mimi nimesema kongoi, asante. Sikusema? Kongoi mising. Sasa nipe nafasi, mkono yanku inataka meza."

Akamsogeza na upande wa mkono, pole pole, vile mtu husogeza ndama kwa mlango. Akachukua kalamu ya Phelix. Alisaini kurasa mbili, jina lote, Isaiah Kipkurui Koech, na tarehe, na namba ya kazi ambayo hakuhitaji kuangalia mahali. Phelix akapulizia wino kama ni ya zamani zile. Akang'oa nakala, akampa mzee. Akachukua ripoti ya Dolphine, ile ya muhuri, akaiweka ndani ya faili na akafunga faili.

"Hiyo ni yetu," Fancy akasema.

"Ni ya faili, madam."

Fancy akasubiri babake aseme kitu. Babake alikuwa anakunja nakala mara nne, anaingiza kwa mfuko wa shati, anafunga kifungo.

Fancy akainuka, akapangusa magoti, akafungua mlango. Kelele ya kiwanda ikaingia ofisini yote mara moja, na mzee akashtuka, akashika sikio.

"Fancy," akaita. "Ngoja twende pamoja."

Hakuwa amepiga kelele. Aliita kwa sauti ndogo, ya mtu anajisikia akiongea. Fancy akasimama kwa kizingiti. Akamwangalia mamake na ule mkoba, akaangalia faili chini ya kiwiko cha Phelix, akaangalia ule mfuko wa shati uliofungwa kifungo. Halafu akageuka, akaenda.